ARDS: mapafu yanapojaa maji ghafla, na nani huhesabiwa kuwa mgonjwa

Ndugu wa mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi mjini Moshi au Arusha anaweza kuelezwa na daktari kwamba mapafu ya mgonjwa wake "yamejaa maji". Kauli hiyo ni ya kweli, ila haijakamilika, kwa sababu moyo unaposhindwa kusukuma damu nao hujaza mapafu maji, na tiba yake ni nyingine. Katika hali ambayo watabibu huiita ARDS (kifupi cha Kiingereza cha acute respiratory distress syndrome), zilizoumia ni kuta nyembamba za vifuko vya hewa zenyewe: majimaji yenye protini hupenya kutoka kwenye mishipa ya damu, vifuko hufurika, na oksijeni inayovutwa hukosa njia ya kuifikia damu. Mara nyingi chanzo ni nimonia au maambukizi yaliyosambaa mwilini, lakini ajali kubwa, matapishi yaliyoingia mapafuni na kuvimba kwa kongosho pia huweza kuileta. Tofauti na magonjwa ya kifua yanayotafuna mapafu kwa miezi au miaka, ARDS hujitokeza ndani ya wiki moja tangu chanzo chake kutokea.

Hali hii ilielezwa mwaka 1967 na David Ashbaugh na wenzake, waliowachunguza wagonjwa 12 nchini Marekani. Mwaka 2012 wataalamu walikubaliana juu ya fasili iliyopewa jina la Berlin. Kiini chake ni uwiano: kiwango cha oksijeni kilichopimwa katika damu ya ateri hugawanywa kwa sehemu ya oksijeni iliyomo katika hewa anayopewa mgonjwa. Kwa mtu mzima mwenye afya uwiano huo huzidi 400. Ukiwa 300 au chini ya hapo, mgonjwa huingia katika fasili, na usipovuka 100 hali huitwa kali.

Ili mgonjwa ahesabiwe kwa fasili ya Berlin, ni lazima kuwe na mashine ya kuchambua gesi za damu, picha ya kifua, na mashine ya kusaidia kupumua inayobakiza mgandamizo fulani wa hewa mapafuni. Pasipo vifaa hivyo mgonjwa anaweza kufa kwa ARDS na asionekane katika hesabu yoyote. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali moja ya Kigali, waliochapisha matokeo yao mwaka 2016, walilionyesha jambo hili kwa namna ambayo naiona nzito kuliko hoja nyingine zote. Walitumia kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni badala ya gesi za damu, wakakubali ultrasaundi ya mapafu, na wakaondoa sharti la mashine ya kupumulia. Kati ya wagonjwa 1,046 ambao ni watu wazima, walipata 42 wenye ARDS, na nusu yao walifariki. Kwa fasili ya Berlin wasingempata hata mmoja. Fasili mpya ya kimataifa iliyotolewa baadaye imekubali kipimo cha kidoleni na ultrasaundi.

Kwa wasomaji wa Arusha kuna jambo la ziada. Mji huo uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo dogo, kwa hiyo oksijeni ya damu hushuka kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Fasili inataka marekebisho yafanywe mahali palipozidi mita 1,000, la sivyo mapafu yataonekana mabovu kuliko yalivyo. Moshi mjini, palipo chini ya kiwango hicho, hesabu hiyo haihitajiki.

Utafiti umebadilisha tiba pia. Mwaka 2000 jaribio la wagonjwa 861 nchini Marekani lilionyesha kwamba mashine ikisukuma pumzi ndogo, mililita 6 badala ya 12 kwa kila kilo ya uzito, vifo hupungua kutoka karibu asilimia 40 hadi 31. Kilo hizo hukadiriwa kwa urefu na jinsia, kwa kuwa mapafu hayakui mtu anaponenepa. Mwaka 2013 jaribio lililofanywa Ufaransa na Hispania lilionyesha kwamba kumlaza kifudifudi kwa saa nyingi mgonjwa aliye katika hali mbaya kulipunguza vifo vya siku 28 kwa nusu. Kazi hiyo inahitaji wauguzi waliofunzwa na wanaotosha zaidi ya inavyohitaji mtambo mpya.

Hata hivyo, siku 28 ni kipimo kifupi. Watafiti wa Toronto waliwafuatilia manusura 109 kwa miaka mitano. Mapafu ya wengi yalirudi karibu na kawaida, lakini umbali waliotembea kwa dakika sita ulibaki takriban asilimia 76 ya uliotarajiwa. Kwa mkulima anayerudi kwenye shamba la mteremkoni Rombo au Marangu, udhaifu huo ni sehemu ya ugonjwa, nao unastahili kupimwa na kuandikwa kwenye faili lake kila anaporudi kliniki.