Kumpinga kiongozi si kosa la jinai

Ule ujumbe umerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp hapa Lamu: eti anayempinga kiongozi aliyechaguliwa, hata kwa maneno matupu, anavunja sheria, na anayehama chama ni msaliti wa watu wake. Si kweli.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari na maoni. Kinachokatazwa ni propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Na hadhi za wengine ziheshimiwe. Kifungu cha 38 kinamwachia raia ajichagulie siasa zake. Huhitaji wakili kuhakikisha: Katiba iko mtandaoni bure, na kifungu chenyewe utakimaliza kabla kahawa haijapoa.

Wazee wanaoamini ujumbe huu wana sababu. Hadi 1997 sheria ilikuwa na kosa la uchochezi dhidi ya serikali, na watu walifungwa kwalo. Neno "uchochezi" lingalipo, ila sasa linamhusu anayewaita watu kwenye fujo. Anayelalamika kuwa gati ni bovu hayumo.

Pale Mkunguni, mbele ya ngome, watu wa vyama tofauti hubishana jioni nzima kwenye benchi moja. Aliyekosea husema "hapo nimekosea," akaagiza kikombe kingine.

Ukiletewa ujumbe huo, muulize aliyeutuma ni kifungu gani kinachosema hivyo. Akikosa jibu, uishie kwako, usiusambaze.