Mtoto hasikii: tuzungumze naye kwa njia gani?

Maswali haya nimeyapokea kwa akina mama na akina baba niliokaa nao kwenye mabenchi ya kliniki hapa Tanga, wa Makorora, Ngamiani, Sahare mpaka Pongwe. Wengi waliniuliza kwa sauti ya chini, kama watu wanaoficha aibu. Hakuna aibu hapo, na ndiyo maana nayajibu hadharani.

Mwanangu ana mwaka na nusu, hajatamka neno. Bibi yake anasema ana udata, akatwe. Nimpeleke?

Asikatwe chochote kabla hajapimwa masikio, mama. Ule utando wa chini ya ulimi haumzibi mtoto masikio, wala kimeo hakimzibi. Mtoto husema anachokisikia. Asiposikia, ulimi hata ukiwa mwepesi namna gani hauna cha kuiga.

Kinachowapoteza wazazi ni kwamba mtoto kiziwi akiwa mchanga hucheka, hulia na kutoa visauti kama wenzake. Miezi inavyosonga, wenzake wanaingia kwenye "baba" na "dada", yeye anabaki palepale. Na ule mtihani wa kugonga sufuria nyuma ya kisogo usiuamini. Huenda aligeuka kwa sababu amehisi sakafu ikitikisika au ameona kivuli cha mkono wako. Kipimo chenyewe kipo, na hata mtoto wa siku mbili hupimwa: kifaa kidogo huwekwa sikioni, kinatoa mlio na kupokea mwitikio wa sikio la ndani. Hakiumi. Lengo la wataalamu ni mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Wako amepita huko, basi mlete kliniki wiki hii.

Jirani wanasema nimelogwa. Uziwi unatoka wapi?

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayozuilika. Rubella kwa mama mjamzito, kuzaliwa njiti, manjano makali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, surua, na baadhi ya sindano kali kama gentamaisini. Mwingine amerithi, hata kama wazazi wote wawili wanasikia vizuri. Chanjo ya surua na rubella watoto wetu wanaipata tangu 2014, msiikose. Na sikio linalotoa usaha linatibika. Tafadhali msitie mafuta ya moto wala maji ya kitunguu.

Nasikia kuna njia nyingi za kuwafundisha. Ni zipi?

Ipo njia ya mdomo: mtoto anavalishwa kifaa, anafundishwa kutumia usikivu uliobaki, kusoma midomo na kutamka. Ipo lugha ya alama, ambayo kwetu ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Ipo inayoitwa mawasiliano kamili, yaani mwalimu anachanganya alama, sauti, midomo, picha na maandishi. Na ipo ya lugha mbili: lugha ya alama ndiyo ya kufundishia, halafu Kiswahili kinakuja juu yake kwa kusoma na kuandika.

Ugomvi wa njia hizi ni wa zamani. Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba mdomo ndio njia bora na alama ziondolewe darasani. Karibu wote waliopiga kura walikuwa watu wanaosikia. Vizazi vya watoto katika nchi nyingi walikatazwa kutumia mikono yao. Ilipofika 2010, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, uliyakataa rasmi maazimio yale. Miaka 130! Kila nikiikumbuka, roho inaniuma.

Akijifunza alama si atakuwa mvivu wa kusema?

Hili naulizwa kuliko yote, na kuna hata watumishi wa afya wanaowaambia wazazi hivyo. Hapana. Ubongo wa mtoto unatafuta lugha, na haujali kama inaingia kwa sikio au kwa jicho. Wanaotumia alama hutumia sehemu zilezile za ubongo tunazotumia sisi kwa maneno. Watoto wachanga wanaokulia penye alama hubwabwaja kwa vidole, kama wengine wanavyobwabwaja kwa mdomo.

Hatari iko kwingine. Miaka ya mwanzo ndiyo ubongo unapopokea lugha kwa wepesi, na haisubiri. Mtoto anayengojeshwa mpaka "aanze kusema kwanza" anaweza kufika miaka sita au saba hana lugha hata moja iliyokamilika. Huyo hata kusoma kutamsumbua, maana anafundishwa kuandika maneno ya lugha asiyokuwa nayo. Kama usikivu wake unaruhusu kusema, msaidieni aseme. Alama mpeni leo.

Si anaweza kusoma midomo tu?

Simama mbele ya kioo, funga sauti, tamka "baba", kisha "papa", kisha "mama". Umeona? Midomo inafumba na kufumbuka vilevile. Sasa jaribu "kamba" na "gamba". Huko kwenye koo hakuna cha kuona kabisa. Mtoto kiziwi tunamtaka abahatishe hivyo kutwa nzima, mwalimu akigeukia ubao, wengine wakiongea kwa pamoja. Kusoma midomo kunamfaa zaidi mtu ambaye tayari anaijua lugha. Anayeijifunza kutoka sifuri hawezi kuitegemea.

Shimesikio je, kile kifaa cha kuvaa sikioni?

Linasaidia, hasa mtoto aliyebakiwa na usikivu. Ila linakuza sauti tu, haliponyi sikio. Mtoto anakua, kile kipande cha kuingia sikioni kinapwaya, kifaa kinaanza kulia *fiii*, naye anakitupa. Betri nazo ni za kununua kila mara, na jasho na unyevu wa huku pwani ni adui yake: kila usiku kivuliwe, kifutwe, kiwekwe pakavu. Kupandikiza kifaa ndani ya sikio kwa upasuaji kunafanyika Muhimbili tangu 2017. Hata huko, baada ya upasuaji kuna mazoezi ya muda mrefu, na mtoto hatakiwi kukaa bila lugha akisubiri.

Nyumbani tuna alama zetu, tunaelewana. Hazitoshi?

Zinatosha kwa kula, kulala na kuoga. Nimemfahamu mtoto mmoja wa mvuvi wa Sahare. Nyumbani walikuwa na alama zao kama ishirini hivi: ngalawa, chai, pweza kwa vidole vinavyojikunja, bakora. Alipokuwa na miaka saba akaanza darasa la viziwi, na dada yake akawa anajifunza alama pamoja naye. Siku moja baba anashona nyavu, mtoto akamgusa bega, mikono ikaanza kwenda. Dada akatafsiri: "Anauliza babu alikwenda wapi." Babu alikuwa amefariki zaidi ya mwaka mmoja kabla ya siku hiyo. Mtoto aliwaona wanaume wakitoka na jeneza, akabaki na swali lake peke yake, kwa sababu nyumba nzima haikuwa na alama ya kulijibu.

Lugha kamili inasema jana na kesho, kama na kwa nini. Lugha ya alama ina sarufi yake, tena ya kupendeza. "Nitakupa" unaisema kwa mkono unaotoka kwangu kuja kwako; ukiugeuza njia, wewe ndiye unayenipa mimi. Uso nao ni sarufi, kwa hiyo usimkaripie mtoto kwamba anakunja nyuso.

Tumwite nani? Mtaani wanamwita bubu.

Muiteni jina lake. Neno wanalolikubali wenyewe ni kiziwi, ndilo lililomo hata kwenye jina la chama chao, CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Wanaomwita bubu waelekezeni.

Nianzie wapi?

Anzia zahanati yako, uombe rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo. Waulize hospitali ya Bombo hapa Tanga, na ikibidi wakuelekeze Muhimbili. Ofisi ya elimu ikwambie darasa la viziwi lililo karibu. Watafute viziwi wazima wa mjini, kwa sababu mtoto anahitaji kumwona mtu mzima kama yeye, fundi au mama wa familia, akizungumza kwa mikono bila woga.

Mimi ni mtu mzima, vidole vimekwisha kuwa vigumu. Nitaweza kweli?

Yule mvuvi wa Sahare alisema hivyohivyo. Alianza na alama tatu kwa wiki. Mara ya mwisho nilipopita dikoni alikuwa ameweka nyavu pembeni, anamwelezea mwanawe kuhusu kusi. Akakosea, mtoto akacheka, akamshika kidole cha mwisho, akamnyooshea.