Nani Anashika Daftari la Ukoo? Nasaba na Wahusika wa Kike katika Riwaya za Kimiujiza

Ninapohakiki riwaya za kimiujiza huliweka kando swali la nguvu alizonazo mhusika wa kike, nikauliza kwanza ni nani anayetunza kumbukumbu za ukoo wake. Nguvu zenyewe hufanana kutoka kitabu hadi kitabu: kuponya, kuota, kujigeuza, kusema na wafu. Tofauti hutokana na njia ambayo urithi umepitia hadi kumfikia mwanamke huyo, na hasa mahali njia hiyo ilipokatika. Jambo hili hudhihirika zaidi katika kazi za wanawake Weusi wa Marekani, kwa kuwa utumwa uliwavurugia watu nasaba zao kiasi kwamba mwandishi anayetaka kumjua bibi mzaa bibi wa mhusika wake mara nyingi hana pa kumtafuta isipokuwa kwenye hati ya mauzo au ndotoni.

Gloria Naylor, katika Mama Day (1988), ametumia vyote viwili. Kabla hadithi haijaanza, msomaji huwekewa mchoro wa nasaba pamoja na hati ya mwaka 1819 ya kumuuza Sapphira, mwanamke mtumwa ambaye, kwa mujibu wa hati hiyo, amewahi kufanya kazi ya ukunga na uuguzi na hushukiwa uchawi. Kitukuu chake, Miranda, anayeishi katika kisiwa cha kubuni cha Willow Springs, karibu na pwani ya South Carolina na Georgia, ni mkunga na mganga anayeheshimiwa na kuogopwa na kisiwa kizima. Maneno yaliyoandikwa kama tahadhari kwa mnunuzi yamegeuka, baada ya vizazi vitatu, kuwa cheo cha ukoo. Hata hivyo Miranda hajui jina la mama huyo. Anapoikuta hati katika daftari la zamani, maji yameshaiharibu na zimebaki herufi za mwanzo tu, naye anakesha akibahatisha majina. Msomaji analijua jina tangu kurasa za kwanza, lakini mwenye damu yake hana. Kwa maoni yangu huo ndio ufundi mkubwa kuliko yote katika riwaya hii, kwa sababu unamfanya msomaji awe mshirika wa yule aliyeshika kalamu. Miranda hatimaye humkuta Sapphira usingizini, akapokelewa kama binti, bila kutajiwa jina.

Octavia Butler anaigeuza hali hiyo katika Wild Seed (1980). Humo kumbukumbu za ukoo hazikupotea hata kidogo, ila zimo mikononi mwa Doro, roho ya kale inayovaa miili ya watu na ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikiwaoanisha watu wenye vipaji kama mfugaji achaguavyo mbegu. Anyanwu, mwanamke wa Kiigbo mwenye umri wa karibu miaka 300 wakati hadithi inapoanza mwaka 1690, anaweza kuponya na kujigeuza umbo lolote, na Doro anamtaka kwa ajili ya uzao wake. Hoja ya Butler ni kali: damu bora yaweza kuwa minyororo. Anyanwu anapomkimbia hujigeuza pomboo, maana akiwa katika umbo la mnyama Doro hawezi kumhisi alipo, na baadaye hukusanya huko Louisiana jamaa wa kwake, wengine wakiwa wanawe, wengine wageni aliowachagua.

Nnedi Okorafor, katika Akata Witch (2011), analichukulia suala hili kwa wepesi zaidi, kama inavyofaa riwaya ya vijana: nguvu za Sunny, msichana ambaye ni mhusika mkuu, zimetoka kwa bibi na kumruka mama, na kinachoziba njia ni ukimya wa mama asiyetaka kumzungumzia marehemu. (Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, mzimu wa babu humwendea mjukuu wa kiume, ningependa kuona riwaya nyingi zaidi za Kiswahili zikimfufua bibi.)

Toni Morrison, katika Beloved (1987), anafika mbali zaidi, kwa kuwa hakuachia familia daftari lolote. Mama yake Sethe, mhusika mkuu aliyetoroka utumwani, alimwonyesha bintiye alama ya chuma cha moto chini ya titi ili aweze kumtambua akifa. Mtoto alipoomba naye atiwe alama kama hiyo, alipigwa kofi. Sethe ameisahau hata lugha ambayo mamaye aliizungumza, akabaki na ujumbe wake tu. Kisha binti ambaye Sethe mwenyewe alimuua anaporudi na kusema kwa sauti yake mwenyewe, maneno yake yanachanganya kaburi na tumbo la meli ya watumwa, safari ambayo yeye hakuisafiri, bali waliomtangulia.