Kuunda tangu sifuri: maana yake kwenye magari madogo ya chuma

Siku hizi kila gari dogo linalopendeza macho linaambiwa "limeundwa tangu sifuri". Nimeyasikia maneno hayo kwenye mabanda ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, nayasoma kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenda magari, na watu wazima wenye akili zao wanayarudia bila kuuliza chochote. Mtu anaweka picha ya Land Cruiser ya kukaa kiganjani, ina waipa, ina saidmira, hadi maandishi ya ubavuni mwa tairi yanasomeka. Rimu zimetoka wapi? Zilikuja kwenye boksi la kiwandani, lile la sehemu zilizokwisha kutengenezwa ambazo mnunuzi anaziunganisha tu. Grili je? Ilikuja kwenye bati la brasi lililokwisha kukatwa kiwandani. Kazi ni nzuri na rangi imekaa vizuri, ila sifuri haimo.

Kuunda sehemu tangu sifuri ni kuitengeneza kutokana na malighafi ambayo bado haina umbo la sehemu hiyo: fimbo, bati, bomba, waya au bonge la chuma. Unachukua vipimo kwenye gari lenyewe au kwenye mchoro, unavigawa kwa uwiano uliouchagua, kisha unakata, unakereza, unapiga tupa na kulehemu mpaka sehemu itokee. Maana yenyewe ndiyo hiyo.

Watu wanajichanganya kwa sababu wanalitumia neno hili kwa gari zima, wakati linapima sehemu moja moja. Gari dogo lenye sehemu mia tatu linaweza kuwa na sehemu kumi zilizoundwa tangu sifuri na zilizobaki zikawa za boksi. Hakuna aibu hapo. Anayefuata maelekezo na kubandika sehemu za boksi ameunganisha. Anayetoa rimu za boksi hili na boneti ya boksi lile ili apate gari la tatu amechanganya, na kazi hiyo inataka jicho kali. Anayenunua vitasa na nembo za chuma zilizokatwa kwa tindikali kiwandani akavibandika juu ya plastiki ameboresha. Aliyenunua suti ya mtumba akabadilisha vifungo na kupunguza mikono anaweza kupendeza kuliko bwana harusi, lakini hatuwezi kusema ameshona suti.

Chukua nati ya tairi la Land Rover 110, gari ambalo watu wa Dodoma tumelizoea tangu enzi za barabara za vumbi. Kila tairi lina nati tano, na spana yake ni ya milimita 27. Kwa uwiano wa 1:24, yaani kila kipimo cha gari halisi kinagawanywa kwa 24, milimita 27 zinakuwa 1.125. Ncha ya bolti inayotokeza katikati ya nati ina milimita 16, kwa hiyo kwenye mfano inakuwa 0.67 hivi. Duara ambalo nati tano zimepangwa juu yake lina kipenyo cha milimita 165.1, nalo linashuka hadi 6.88. Kabla hujagusa chuma umeshajua mambo matatu ambayo mwenye boksi hakulazimika kuyajua, kwa sababu kuna mtu mwingine aliyemfanyia hesabu hiyo.

Sasa zitengeneze. Nati yenye milimita 1.125 kutoka ubapa mmoja hadi wa pili inahitaji fimbo ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 1.3, maana kona zake ndiko zinakofika. Kila ubapa unaondoa chini ya moja ya kumi ya milimita. Ukikadiria kwa jicho utapata kitu chenye pembe tano na nusu. Njia ninayoipenda ni hii: tafuta bolti ya M10 yenye kichwa cha pembe sita, itoboe katikati ya kichwa tundu la kuingia fimbo yako, kisha ishike fimbo kwa tone la supagluu. Laza ubapa mmoja wa kichwa cha bolti juu ya chuma kilichonyooka, na fimbo ilale kati ya vipande viwili vya bleidi ya msumeno wa chuma vilivyopangwa kwa urefu mmoja. Piga tupa laini. Ikifika kwenye bleidi inateleza tu, haizami tena. Geuza bolti ubapa unaofuata, piga. Mara sita. Kichwa cha bolti kimekupimia nyuzi 60 mara sita bila chombo cha gharama. Halafu rudisha fimbo kwenye keekee ya umeme iliyobanwa kwenye jiliwa, vunja ukali wa kona kwa tupa, toboa katikati milimita 0.7, kata. Hiyo ni nati moja. Gari linataka ishirini, bila kuhesabu tairi la akiba.

Hapo linakuja swali halali: nikiunda nati moja, nikaitengenezea kalibu na kumimina nyingine kumi na tisa, je, zile ni za sifuri? Mimi nasema ndiyo, kwa kuwa umbo ni lako na hakuna aliyekuuzia. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaokataa. Ubishi huo una maana, kwa sababu pande zote mbili zinakubaliana kwamba nati ya kwanza lazima iwe imetoka mkononi mwa mtu huyo.

Malighafi nayo inahitaji maneno machache, kwa kuwa ndiyo sifuri yenyewe. Brasi ndiyo mama wa kazi hii. Brasi inayokatika vizuri ina shaba karibu asilimia 60, zinki inayokaribia 40, na risasi asilimia mbili au tatu. Hiyo risasi kidogo inafanya vumbi la kukereza lidondoke vipande vifupi badala ya kujiviringa, na ncha ya kikato haing'ang'anii. Shaba nyekundu ya waya wa mota ni laini mno. Inanata kwenye tupa na kujaa kwenye meno yake. Nenda kwa mafundi wa kuvingirisha mota uombe vipande vyake kwa ajili ya nyaya na mirija ya breki, lakini usijaribu kuifanya nati.

Brasi tunaipata kwa watu wa chuma chakavu. Koki za zamani, miili ya kufuli, sehemu za soketi za umeme. Kuna mitego. Koki nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa aloi ya zinki iliyopakwa kromu: pitisha tupa mahali pasipoonekana, ukiona manjano umepata, ukiona kijivu iache, maana aloi hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 385 hivi na itakutoka mikononi ukianza kulehemu. Kufuli lipime kwa sumaku kwanza. Likinasa, huo ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Spoki ya baiskeli yenye unene wa milimita 2 ni chuma kigumu na imenyooka, nayo kwa 1:24 inasimama badala ya bomba la sentimita 5 kwenye gari halisi, kwa hiyo inafaa kwa ekzosi au propela shafti. Vumbi la brasi lina risasi ndani yake. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mtu akishajua kuchagua chuma, bado kuna kuunganisha vipande vya sehemu moja. Chukua saidmira: ina mkono, kikombe, na bawaba. Ukilehemu mkono kwenye bawaba, kisha ukaja kulehemu kikombe kwa joto lilelile, kiungo cha kwanza kinafunguka na mkono unaanguka mezani. Dawa yake ni kuanza na kiungo cha joto kubwa, kwa lehemu ya fedha inayotaka nyuzi 600 na zaidi, kisha kumalizia kwa lehemu ya kawaida ya bati na risasi, ile ya 60 kwa 40, inayoyeyuka karibu na nyuzi 190. Kiungo cha kwanza hakijui hata kama cha pili kimewashwa moto. Anayefanya hivyo ndiye mtu ninayetaka jina lake lisichanganywe na la mwingine, kwa sababu amekaa akapanga mpangilio wa joto kwa kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele.

Upande wa pili wa mkanganyiko unanigusa zaidi, maana unawahusu watoto wetu. Magari ya waya yanayosukumwa kwa fimbo ndefu, malori ya makopo ya mafuta, mabasi ya kadibodi yenye taa zinazowaka ambayo vijana wanayaunda kwa uhodari mkubwa: hayo yote ni ya sifuri kweli. Hakuna aliyewauzia umbo. Lakini mara nyingi hayafuati uwiano, na watu wanayaita "ya skeli", yaani ya uwiano, kwa sababu ni madogo. Udogo hauleti skeli. Uwiano ni ahadi kwamba namba moja imegawa kila kitu. Land Rover 110 imepewa jina kwa inchi 110 zilizoko kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani milimita 2794. Kwa 1:24 ni milimita 116.4, na namba hiyohiyo 24 lazima igawe kimo cha kioo, upana wa bampa na nati niliyoieleza juu. Ukigawa urefu kwa 24 na upana kwa 20 kwa sababu kadibodi ilikuwa pana, umeunda kitu kizuri cha sifuri kisicho na uwiano. Basi la kadibodi ni la sifuri bila skeli, na Land Cruiser ya boksi la kiwandani ni ya skeli bila sifuri. Hizi ni sifa mbili tofauti, na mtu anaweza kuwa na moja, mbili, au hata asiwe na yoyote.

Namba zenyewe zina historia yake. 1:24 ni nusu inchi kwa kila futi moja ya gari halisi, na 1:12 ni inchi moja kwa futi: ni watu wa inchi waliozipanga ili hesabu iwe nyepesi kwa rula yao. Ile 1:43 inayowashangaza wengi imetoka kwenye reli. Waingereza waliokuwa wakiunda treni ndogo walitumia milimita 7 kwa futi moja, na futi ni milimita 304.8, gawanya, unapata 43.5. Magari ya Dinky ya Liverpool yalizaliwa miaka ya 1930 kama vikorombwezo vya treni za namna hiyo, na ukoo huo wa vipimo ukabaki kwenye magari hata treni zilipowekwa kando. Na mtu asidhani 1:12 ni kubwa mara mbili tu ya 1:24. Urefu ni mara mbili, upana mara mbili, kimo mara mbili. Ujazo wake ni mara nane.

Uwiano una mahali unapogoma, na fundi mkweli hukiri hapo. Bati la bodi lenye unene wa milimita 1.2 likigawanywa kwa 24 linabaki 0.05, jembamba kuliko karatasi ya daftari. Halisimami. Kwa hiyo tunatumia bati nene na kunoa kingo tu pale jicho linapopita, mlangoni na kwenye matundu ya tairi. Hilo ni jambo la kawaida na halimtoi mtu kwenye uwiano.

Nasikia pia hoja ya tatu, kwamba aliyetumia mashine ya kukereza hajaunda kwa mkono na hivyo si wa sifuri. Hoja hii haina msingi. Gerald Wingrove wa Uingereza, ambaye magari yake ya 1:15 yalimpa jina kubwa katika fani hii, alikuwa mtu wa mashine ya kukereza. Louis Chenot wa Marekani aliunda gari la Duesenberg la mwaka 1932 kwa uwiano wa 1:6, na injini yake ya silinda nane inawaka. Mashine haijui Duesenberg ni nini. Inakata mahali mtu alipoamua ikate. Hapa Dodoma, fundi wa Kizota mwenye mashine kubwa na kijana wa Chang'ombe mwenye keekee iliyobanwa kwenye jiliwa wako daraja moja, mradi wote wameanza na fimbo tupu na namba walizopima wenyewe.

Kwa kipimo hichohicho tunaweza kuijibu printa ya 3D bila ugomvi. Aliyepima gari, akachora sehemu kwenye kompyuta, akaichapa na pengine kuimiminia brasi kwenye kalibu, umbo ni lake. Aseme ameisanifu na kuichapa, watu watamwelewa na kumheshimu. Aliyepakua faili la mtu mwingine na kubonyeza kitufe, aseme amelichapa. Na wewe uliyeunganisha boksi lako kwa usafi, hakuna anayekunyang'anya kitu. Andika tu chini ya picha: bodi na tairi ni za boksi, grili nimenunua, nati na saidmira nimeunda mwenyewe kwa brasi. Maneno hayo hayamalizi mstari wa pili, na atakayeyasoma ataikuza picha azitafute nati.