Kompyuta kuukuu kuwa seva: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Hapa Mtwara ukiingia steshenari yoyote ya Chikongola au ofisi ya chama cha msingi cha korosho, hukosi CPU moja imelala chini ya meza, ina vumbi, juu yake wamepanga rimu za karatasi. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 ndo zinazidi, kila mtu anasema hii imeshapitwa. Mimi nasema bado kabisa. Nyingi ya hizo mashine ukizipiga Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, zinabeba kazi ya seva bila shida, ila maneno yanayozunguka kuhusu hii kitu mengi sio kweli, na yale mawili matatu ya kuogopwa kweli wala hayasemwi.

"Seva ni limashine likubwa, linakaa chumba cha AC." Hapana jamani. Kompyuta yoyote inayokaa macho ikisubiri wenzake waiombe faili, muvi au printa, hiyo tayari ni seva. RAM ya giga 2 inatosha kugawa mafaili ya ofisi nzima, kwa sababu unaondoa madirisha na ikoni zote. Debian, ambayo ni aina moja ya Linux, mwishoni mwa kujipakia inakuuliza unataka nini, toa tiki kwenye Debian desktop environment na GNOME, acha SSH server (ya kuingilia mashine kutoka kompyuta nyingine kwa kuandika amri) na standard system utilities, basi.

"Bila kioo kompyuta haiwaki." Hii inasumbua wengi kwa sababu ina kaukweli ndani. Siku ya kupiga Linux utahitaji monita na kibodi, azima hata kwa jirani, ukimaliza unamrudishia. Sasa tatizo linakuja ukiwasha bila kibodi, mashine nyingi za zamani zinagoma palepale zinaandika Keyboard not found, bonyeza F1, na wewe kibodi hamna, kioo hamna, huoni chochote, unaona feni inazunguka tu unadhani bodi imekufa. Haijakufa. Kabla hujachomoa monita ingia BIOS, ile menyu ya mapangilio ya mashine yenyewe kabla Linux haijaanza, tafuta Halt On uweke No Errors, afu kwenye mambo ya umeme kuna AC Power Loss au After Power Failure, hapo weka Power On, ili umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi alfajiri iwake yenyewe bila mtu kwenda kubonyeza kitu. Na ukiwa umeshaifungua badilisha kile kibetri cha mviringo cha CR2032, kikifa hayo mapangilio yote yanafutika na saa inarudi nyuma miaka kadhaa, afu apt update, amri ya kutafuta masasisho, inagoma inakwambia faili bado halijaanza kuwa halali, utahangaika na mtandao siku nzima kumbe tatizo ni saa.

Baada ya hapo kila kitu unafanya kwa SSH. Kwenye laptopu nyingine iliyo kwenye ruta hiyohiyo unaandika ssh, jina lako, @ na namba ya mashine kwenye mtandao, mfano 192.168.1.50, umeingia. Hata simu ya Android yenye Termux, programu ya kuandikia amri, inatosha. Ile namba ifunge kwenye ruta isibadilike, la sivyo kesho utaitafuta. SSH aliitengeneza Tatu Ylönen kule Finland mwaka 1995, na kwa vile hapa unapitisha maandishi tu, mtandao wa kusuasua nao unaiweza.

"Linux inaingia mashine yoyote, hata ya mwaka 47." Hapa watu wanadanganyana. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena toleo la kupiga kwenye mashine ya biti 32, zile zenye prosesa za zamani zaidi. Core 2 Duo, zilizoanza 2006, ni za biti 64, hizo twende. Pentium 4 za mwanzoni ni biti 32, Debian 12 itakubali, lakini kwa umeme zinaokula mimi ningeziacha zipumzike.

Na umeme wenyewe tuuongelee vizuri, maana wapo wanaosema haili kitu na wapo wanaosema itamaliza LUKU yote. Piga hesabu, mashine ya mezani inayovuta wati 50 muda wote ni uniti 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Kama uko kwenye ile tarifa ya wasiozidi uniti 75 hiyo ni karibu nusu, na ukivuka unahamishiwa bei nyingine, kwa hiyo wanaolalamika hawaongopi. Ila laptopu inayovuta wati 15 ni kama uniti 11 tu. Ndo maana laptopu iliyovunjika kioo, ile ambayo fundi amekwambia kioo kipya ni ghali kuliko mashine yenyewe, mimi naiona ndo seva bora kuliko zote, betri yake inaishikilia umeme ukikatika. Kwenye /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore uiwashe upya, uifunge na bado ifanye kazi. Betri ikiwa imevimba lakini itoe leo, usingoje kesho.

"Bila bando seva haina kazi." Hii inaniuma kwa sababu inawakosesha watu wanaoihitaji zaidi. Wi-Fi ya ruta haihitaji bando ili simu na kompyuta za humo ndani ziongee. Shule ya Newala au Nachingwea ikiweka Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia iliyopakuliwa, kwenye mashine moja kuukuu, wanafunzi wanasoma Wikipedia nzima ya Kiswahili na mtandao wa nje umezimwa. Mafaili ya ofisi yanapita kwa Samba, muvi kwa Jellyfin. Bando unalihitaji siku ya kupakua na siku za masasisho. Kuifikia ukiwa mbali, mfano uko Masasi na seva iko nyumbani, laini za simu nyingi zinawagawia wateja anwani moja kwa hiyo kufungua mlango kwenye ruta hakusaidii, tumia Tailscale, programu inayoziunganisha mashine zako kama ziko ruta moja.

"Linux haina virusi." Hata kama ingekuwa kweli, haikulindi, wanaoshambulia wanabahatisha pasiwedi. Tengeneza ufunguo, yaani faili linalokaa badala ya pasiwedi, kwa ssh-keygen, upeleke kwa ssh-copy-id, ukishaona unaingia nao ndo uzime kuingia kwa pasiwedi.

"Faili likishafika kwenye seva liko salama." Hili ndo la kuogopa. Diski ni kuukuu kama mashine yenyewe, na mashine iliyokaa Shangani au Mikindani imevuta chumvi ya bahari miaka yote. ext4, mfumo ambao Linux inapangia mafaili kwenye diski, inalinda mpangilio wa mafaili umeme ukikatika, hailindi ulichokuwa unakiandika sekunde ile. Weka smartmontools ya kupima afya ya diski, piga smartctl -a na jina la diski, mfano /dev/sda, uangalie Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, yaani hesabu ya sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa, zikiwa sifuri vizuri, zikianza kupanda nunua diski nyingine kabla ya yote. Inyanyue kutoka sakafuni, usiifunike kitambaa. Nakala ya pili ikae kwenye diski ya nje, nyumba nyingine kabisa, na kila mwezi ufungue faili moja kutoka humo uone kama linafunguka.