Sandarusi ni nini hasa, na kwanini mti wake ni ndugu wa kunde

Mtu akiona kitu kinanata kimetoka kwenye gome la mti anaita gundi, au utomvu, basi imeisha hiyo. Ila hivi ni vitu tofauti kabisa na ukizichanganya huwezi kuelewa sandarusi.

Utomvu ni maji ya mti yenye sukari na madini, yanapita kwenye mishipa yake, kwa kifupi ni chakula cha mti. Gundi nayo asili yake ni sukari ila zimeungana kwenye minyororo mirefu, ndo maana ukiitia kwenye maji inavimba au inayeyuka, mfano ile gundi ya migunga inayotoka Sudan. Sandarusi iko kundi lingine linaloitwa resini: imetengenezwa na kemikali za terpini, maji hayaiwezi, ukiichoma inawaka na kutoa harufu nzuri. Na mti hauitumii kula, ni ulinzi. Mdudu akitoboa gome au tawi likivunjika, resini inamwagika, inaziba kidonda, inawazuia wadudu na kuvu.

Sasa tukisikia resini wengi tunawaza misonobari, au ubani na manemane (hizo zinatoka familia nyingine kabisa). Kumbe familia ya mikunde, hii hii yenye maharage na mbaazi na choroko, ina miti mikubwa ya kitropiki inayotoa resini kwa wingi. Usitazame ukubwa wa mti, tazama tunda: ni ganda lenye mbegu ndani. Mgunga wa gundi nao ni wa familia hiyo hiyo, na mkwaju una undugu wa karibu zaidi na msandarusi japo wenyewe haujulikani kwa resini.

Msandarusi, wengine wanauita mnangu, kitaalamu ni Hymenaea verrucosa. Unaota pwani ya Afrika Mashariki kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na Madagaska. Jina Hymenaea alilitoa Linnaeus kwa mungu wa ndoa wa Wagiriki, kwasababu kila jani lina vijani viwili vimekaa pamoja kama mke na mume, naona ni jina zuri sana. Hilo verrucosa maana yake wenye chunjua, ukishika ganda la tunda lake utaelewa, lina vinundu vinundu na vina resini. Ndugu zake wengine wote wa jenasi hiyo wako Amerika ya kitropiki, kama jatobá wa Brazili.

Inavyokuwa ngumu ni hivi, resini ikitoka ni laini, ikikutana na hewa na mwanga molekuli zake zinaanza kushikana na zinaendelea kushikana kwa miaka na miaka. Ile mbichi ya kwenye mti karne ya 19 iliitwa chakazi na bei yake ilikuwa chini. Iliyotafutwa ni ya kuchimba, iliyolala mchangani muda mrefu hata mahali ambapo miti yenyewe ilishatoweka, ina vipele juu kama ngozi ya mtu aliyesisimka. Ilichimbwa zaidi huku bara, Mrima (pwani inayotazamana na Unguja), ikasafirishwa kupitia Unguja ndo maana duniani ikajulikana kama kopali ya Zanzibar, ikaenda mpaka Salem kule Marekani kutengenezewa vanishi.

Sio zote zinaganda hivyo lakini. Kopaiba ya Amazoni, miti ya Copaifera, ina terpini nyepesi nyingi kwahiyo inabaki kama mafuta, watu wanatoboa shina na kuikinga kwenye chombo.

Na resini iliyoganda ikikaa mamilioni ya miaka inakuwa kaharabu. Kaharabu ya Jamhuri ya Dominika ilitoka kwa Hymenaea iliyokwishapotea duniani, ina miaka kama milioni 15 hadi 20, na ndani yake kuna mchwa na nyuki walionaswa wakiwa wazima, unaona mpaka mishipa ya bawa. Sandarusi nayo inakuwa na wadudu ndani, hapo ndo wanunuzi wanapoibiwa, wanauziwa sandarusi kwa bei ya kaharabu. Dondoshea tone la asetoni (ile ya kuondolea rangi ya kucha) sehemu isiyoonekana, ikianza kunata kidoleni hiyo ni sandarusi, kaharabu ya kweli inabaki ngumu.