Mhadhara Umeingia Simuni, Kujifunza Bado ni Kazi ya Kichwa

Mwanafunzi mmoja aliingia ofisini kwangu wiki mbili kabla ya mtihani, wasiwasi umemjaa. "Mwalimu, mihadhara yote nimeitazama, mingine mara tatu," akaniambia, huku akifungua simu anionyeshe. Ni kweli, kila video ilikuwa na alama kwamba imetazamwa hadi mwisho. Nikamwomba ailaze simu kifudifudi mezani, nikampa karatasi tupu na kalamu: andika unachokumbuka kuhusu mada ya tatu. Akaandika kichwa cha mada, akaongeza mistari miwili, kisha kalamu ikagoma. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa ametumia saa nyingi kufanya jambo linalofanana na kusoma.

Kazi yangu ni kuwasaidia wahadhiri na wanafunzi kutumia teknolojia katika masomo, na hali hii naikuta kila muhula. Teknolojia imerahisisha sana kuufikia mhadhara. Kuuelewa haijakurahisisha kwa kiasi hicho, na mambo haya mawili wengi wetu tunayachanganya, wahadhiri tukiwemo.

Zamani ukikosa kipindi, umekosa. Ulibaki kubembeleza daftari la mwenzako. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka vifaa vya kozi zake mtandaoni, bure, kwa yeyote anayetaka. Mwaka uliofuata ikatoka Moodle, programu huria iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, na leo vyuo vingi duniani vinaitumia kugawa notsi, kupokea kazi za wanafunzi na kutoa alama. Kisha mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig wakafungua mtandaoni kozi ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha. Waliomaliza walikuwa kama 23,000.

Hesabu hiyo inafaa kutazamwa pande zote mbili. Watu 23,000 ni umati ambao hakuna ukumbi wa mihadhara unaoweza kuubeba, na wengi wao hawangepata kamwe nafasi ya kusoma Stanford. Lakini katika kila watu saba walioanza, sita hawakufika mwisho. Kujiandikisha ni suala la dakika moja. Kinachombakiza mtu ni mwenzake anayemsubiri, mwalimu anayegundua kwamba hayupo, kazi yenye tarehe ya kukusanywa. Hayo hayaji yenyewe pamoja na video.

Janga la Korona la mwaka 2020 lilituonyesha jambo hilo kwa nguvu. Kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 wa ngazi zote walifungiwa shule na vyuo. Wahadhiri wengi, kwa haraka ile, walichukua mhadhara wa saa mbili wakauhamishia kwenye kamera jinsi ulivyo. Haikuwa kosa lao, muda haukuwepo. Ila mazoea hayo yamebaki hata baada ya milango kufunguliwa, na hapo ndipo ninapoona kazi kubwa ya kufanya.

Kuna utafiti ambao ningependa kila mwanafunzi aujue. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu viwili vya kusoma. Kimoja walikisoma, wakakirudia tena. Kingine walikisoma, kisha wakaandika kila walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, kurudia kusoma kuliongoza: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Kifungu kilichorudiwa kilikumbukwa kwa asilimia 42, kile walichojipima kwa asilimia 56.

Tazama hizo dakika tano za mwanzo, maana ndizo zinazotudanganya. Ukimaliza kutazama video kwa mara ya pili, maneno yamekuwa mepesi masikioni, michoro unaitambua, unajiona umeiva. Kumbe umezoea tu. Kuzoea na kujua vinafanana mpaka mtu akuwekee karatasi tupu mbele yako. Kwa hiyo simamisha video kila baada ya dakika chache, funika skrini, andika ulichosikia kwa maneno yako, ndipo uendelee. Inachosha, na ule uchovu ni dalili kwamba kichwa kinafanya kazi.

Kwa upande wa mhadhiri, video fupi za dakika kumi, kila moja ikifuatwa na maswali mawili matatu yasiyo na alama kubwa, zina faida kuliko rekodi nzima ya saa mbili. Zaidi ya hayo, weka sauti peke yake kwa anayeihitaji. Saa moja ya sauti iliyobanwa vizuri haizidi megabaiti 15, ilhali video ya saa hiyohiyo hufika mamia ya megabaiti. Mwanafunzi anayehesabu bando lake hatakuja kukulalamikia. Ataacha tu kusikiliza.

Tangu Novemba 2022, ilipotoka ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika majibu na insha, wahadhiri wananiuliza swali moja: wanafunzi wanaoitumia kuandika kazi zao tutawakamataje? Nawajibu kwamba programu za kubaini maandishi ya mashine si za kutegemewa kumhukumu mtu. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT yenyewe, waliiondoa programu yao ya kubaini mwezi Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, ziliitwa kazi ya mashine. Sisi tunaofundisha wanafunzi wanaoandika kwa lugha ya pili au ya tatu tuna wajibu wa kulikumbuka hilo kabla ya kumwita mtu mwizi. Mwombe rasimu zake. Kaa naye dakika kumi akueleze hoja yake. Utajua.

Kwa mwanafunzi, hatari ya akili mnemba ni ileile ya video iliyotazamwa mara tatu, ila imeongezeka makali: jibu linakuja safi, limepangwa, na wewe hujatoka jasho. Mara nyingine linakuja na vitabu na makala ambazo hazipo kabisa duniani, kwa hiyo kila rejea itafute mwenyewe maktabani.

Lakini chombo hichohicho kinaweza kugeuzwa. Yule mwanafunzi wa mwanzo tulikaa naye tukaandika maelekezo haya: "Niulize maswali matano kuhusu mada hii, moja baada ya jingine. Usinipe jibu kabla sijajaribu. Nikikosea, nionyeshe nilipokosea tu." Swali la kwanza alilijibu nusu. La pili alikwama, akanyoosha mkono kuichukua ile notsi yake, kisha akaurudisha na kuanza kuandika.